Jinsi ya kusoma nyota za vita vya Gaugamela, hatua kwa hatua kwa anayeanza

Nimeamua kuandika hii sehemu moja maana maswali ni yale yale kila wiki. Chati ya vita vya Alexander (mchoro wa nyota na sayari zilivyokaa wakati ule) inatengenezwaje, mbona programu yangu inanipa Mwezi mahali pengine, niweke saa ngapi, nianze na nyota ya Alexander au ya Darius. Nimejibu mmoja mmoja hadi nikaona bora niweke yote hapa ili mtu akae na simu au laptopu yake afuate mpaka mwisho.

Kabla ya yote nikuambie kitu ambacho wengi wanakikosa. Vita vyenyewe, kati ya Alexander mfalme wa Makedonia na Darius III mfalme wa Uajemi, vilipiganwa tarehe 1 Oktoba mwaka 331 kabla ya Kristo, kaskazini mwa Iraki ya leo, upande wa mashariki wa mto Tigris. Lakini chati ya kuanza nayo sio ya siku hiyo. Anza na usiku wa tarehe 20 Septemba, siku kumi na moja kabla, Mwezi ulipopatwa wote ukawa mwekundu huku majeshi mawili yakijua kwamba yanakwenda kukutana. Watu wa zama zile walisoma ule Mwezi, hawakuchora chati ya asubuhi ya mapigano. Ukianza na siku ya vita unakuwa umesoma ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza.

Na kwa nini Gaugamela, sio Marathon au Salamis, vita vingine vya kale vya Wagiriki na Waajemi? Kwa sababu vita hivi tunavijua mpaka siku. Makuhani wa Babeli walikuwa wanaandika shajara ya mbingu kwenye vibao vya udongo, mwezi kwa mwezi, na kibao cha mwaka ule kipo hadi leo kwenye makumbusho ya British Museum, London. Kinataja kupatwa kwa Mwezi tarehe 13 ya mwezi wao wa Ululu, na vita asubuhi ya tarehe 24. Kwa Salamis na Marathon wasomi bado wanavutana kuhusu siku, sasa wewe unayeanza utachoraje chati ya siku isiyojulikana?

Vitu vya kuwa navyo

Programu ya kuonyesha anga inayoweza kurudi nyuma zaidi ya miaka 2,300. Mimi natumia Stellarium, ni ya bure. Ukiwa na programu ya unajimu inayochora chati ni vizuri ila sio lazima, na mwanzoni hata ningekushauri uiweke pembeni, uangalie anga kwanza.

Daftari na kalamu. Nasisitiza daftari, maana kwenye simu utaruka ruka.

Vipimo vya mahali viwili: Babeli, latitudo 32.5 kaskazini, longitudo 44.4 mashariki. Gaugamela weka latitudo 36.5 kaskazini, longitudo 43.4 mashariki, eneo la karibu na Mosul. Usihangaike na kilomita chache, kwa kazi hii hazibadilishi kitu.

Majina. Nitatumia majina ya nyota ambayo wengi mnayajua, Samaki, Mashuke, Mizani, Nge, Simba. Waliosoma falaki ya pwani wataita Hutu, Sumbula, Mizani, Akarabu, Asadi, ni yale yale. Sayari ni Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Sasa tuingie kazini.

1. Jaribu programu yako kwa kitu ulichokiona kwa macho yako

Usikimbilie Alexander. Weka tarehe 7 Septemba 2025, mahali ulipo wewe hapa Afrika Mashariki, saa tatu usiku, yaani 21:00. Mwezi ulipatwa wote usiku ule, kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa nne kasoro. Mimi nilikuwa juu ya paa na wadogo zangu, ule mwanga mweupe ukaliwa pole pole kutoka pembeni halafu Mwezi wote ukawa rangi ya sufuria ya shaba iliyokaa kwenye moto, mbwa wa jirani wakanyamaza, na mdogo wa mwisho akanishika mkono hakuuachia. Shika hiyo hali moyoni, utaihitaji hatua ya sita.

Ukiona kwenye programu Mwezi umefunikwa, mambo yako sawa. Angalia pia ulikuwa wapi: Samaki, na Jua kwenye Mashuke. Nimechagua huu kwa makusudi, kwa sababu ule wa 331 nao ulikuwa Septemba, mwanzoni mwa usiku, Mwezi ukiwa Samaki na Jua Mashuke. Ni kama Mungu ametupa mfano wa kujifunzia.

2. Weka mwaka, na hapa ndo watu wengi wanaanguka

Wanahistoria hawana mwaka sifuri. Wanatoka mwaka 1 kabla ya Kristo wanaingia mwaka 1 baada ya Kristo. Wanafalaki wanao mwaka sifuri. Kwa hiyo kwenye Stellarium na programu nyingi za namna hiyo, mwaka 331 kabla ya Kristo unaandikwa -330, sio -331. Programu za unajimu zenye kitufe cha "kabla ya Kristo" unaandika 331 kama ilivyo. Soma setingi zako ujue uko kwenye ipi.

Utajuaje umekosea? Ukiweka -331, jioni ya tarehe 20 Septemba utaona Mwezi mwembamba upande wa magharibi, kwenye Nge. Mwezi mwembamba haupatwi hata siku moja! Nilikaa na hilo kosa usiku mzima mara ya kwanza, nikaandika kurasa tatu za tafsiri ya Mwezi kwenye Nge, zote zikaenda.

3. Hakikisha kalenda ni ya Julius

Tarehe za zamani zote nilizotaja hapa ni za kalenda ya Julius, ile iliyokuwepo kabla ya mabadiliko ya mwaka 1582. Programu nzuri inajibadilisha yenyewe ukirudi nyuma. Kama yako inatumia kalenda yetu ya sasa moja kwa moja, unatakiwa uweke 15 Septemba badala ya 20, tofauti ni siku tano. Dalili ya kosa hili: saa mbili usiku Mwezi haujachomoza au ndo kwanza unachungulia, na umeshaanza kupungua.

4. Weka saa, na hapa Mswahili ana bahati

Babeli iko longitudo 44.4, ukigawa kwa 15 unapata karibu kabisa masaa matatu mbele ya Greenwich. Ni saa zetu zile zile za Afrika Mashariki, tofauti ni dakika mbili tu. Kwa hiyo kama simu yako iko kwenye saa za Dar au Nairobi huna haja ya kubadilisha.

Tena kuna jingine zuri. Pliny, Mrumi, ameandika kwamba kule Arbela, mji uliokuwa karibu na uwanja wa vita, Mwezi ulipatwa saa ya pili ya usiku, na wakati huo huo kisiwani Sicily ndo ulikuwa unachomoza. Wenzetu wa Ulaya lazima wakae chini wahesabu saa ya pili ya usiku ni saa ngapi. Sisi tunasoma hivyo hivyo ilivyoandikwa, saa mbili usiku, kwa sababu tunahesabu kuanzia jua linapozama kama wao. Kwenye programu andika 20:00, halafu songesha pole pole kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne uone kivuli kinavyoingia.

Onyo: usitafute dakika kamili. Mwendo wa dunia kujizungusha umepungua tangu wakati ule na ukijumlisha yote inafika kama masaa manne. Programu nzuri zinarekebisha zenyewe. Ikiwa yako hairekebishi, Mwezi utakuwa umeachana na mahali pake kwa digrii mbili hivi.

5. Andika kinachoonekana, na kinachoonekana tu

Chukua daftari. Jua digrii ya 22 hivi ya Mashuke, Mwezi digrii ya 22 hivi ya Samaki. Hiyo ni kwa hesabu ya nyota wanayotumia watu wengi leo. Wababeli walipima kwa nyota zenyewe angani, na kwa hesabu yao ongeza kama digrii nane, Mwezi unakuwa ukingoni kabisa mwa Samaki, mlangoni mwa Kondoo (Hamali), nyota inayofuata. Chagua hesabu moja ubaki nayo hadi mwisho, kuchanganya ndo kunaleta ugomvi usio na maana.

Halafu andika Mshtarii yuko wapi na Zohali yuko wapi. Kibao cha Babeli kinasema Mwezi ulifunikwa wote wakati Mshtarii anazama na Zohali anachomoza. Mmoja anaondoka magharibi, mwenzake anapanda mashariki, wanaangaliana kutoka ncha mbili za upeo. Kinataja na upepo, kwamba Mwezi ulipofunikwa ulivuma upepo wa magharibi, na ulipokuwa unaachiwa ukavuma wa mashariki.

Uranus, Neptune na Pluto zima kwenye programu. Ziligunduliwa 1781, 1846 na 1930. Nimeona watu wanaandika aya nzima kuhusu Pluto na kuanguka kwa Uajemi na mimi nasema hapana, hakuna mtu kwenye zile kambi mbili aliyeogopa Pluto.

6. Isome kwa jicho la Babeli kwanza

Hii ndo hatua yenye nyama, usiikimbize.

Kwa Wababeli kupatwa kwa Mwezi ilikuwa habari ya mfalme. Waliugawa uso wa Mwezi sehemu nne na kila sehemu ikawa na nchi yake: Akadi, Elamu, Amurru ya magharibi na Subartu ya kaskazini. Kivuli kikigusa sehemu moja, mfalme wa nchi hiyo ndo yuko hatarini. Kulikuwa na kinga moja, Mshtarii. Akionekana angani wakati Mwezi umepatwa, mfalme amesalimika. Asipoonekana, hali ni mbaya. Miaka zaidi ya mia tatu kabla, wafalme wa Ashuru kama Esarhaddon walikuwa wakipata ishara mbaya ya namna hii wanamkalisha mtu mwingine kwenye kiti cha enzi kwa muda, avae nguo za mfalme abebe lile balaa, kisha anauawa na mfalme wa kweli anarudi.

Sasa rudi kwenye daftari lako. Mwezi umefunikwa wote, yaani hakuna robo iliyobaki. Mshtarii ndo anazama, kinga inaondoka. Anayepanda ni Zohali. Upepo unatoka magharibi, na Alexander anatoka magharibi. Mfalme aliyekuwa ameishika Babeli wakati huo ni Darius III. Hauhitaji kuongeza kitu. Kuhani aliyekuwa juu ya paa la hekalu usiku ule akiangalia Mshtarii anaingia chini ya upeo, alikuwa anasoma mwisho wa mfalme wake.

Na kibao hicho hicho kinasema kwamba tarehe 11, siku mbili kabla ya Mwezi kupatwa, hofu ilikuwa imeshaingia kwenye kambi ya mfalme. Hapa napenda mtu akumbuke ule usiku wa Septemba 2025. Wewe ulijua ni kivuli cha dunia, ulikuwa na simu mkononi, na bado kuna kitu kilikutembea mgongoni. Askari aliyetolewa kijijini kwake mbali, haelewi lugha ya mwenzake wa pembeni, ameambiwa tangu utotoni kwamba Mwezi ukiwa hivi mfalme anakufa, alilalaje?

7. Isome kwa jicho la Wamakedonia na Wagiriki

Alexander alikuwa na mtabiri wake, Aristander wa Telmessus. Kwa maandishi ya Arrian, mwanahistoria wa kale, baada ya Mwezi kupatwa Alexander alitoa sadaka kwa Mwezi, Jua na Dunia, vitu vitatu ambavyo ilisemekana ndivyo vinavyosababisha kupatwa. Angalia hapo, walijua sababu na bado wakatoa sadaka, hawakuona mgongano wowote. Aristander akasema ishara ni nzuri kwa Wamakedonia, vita vitakuwa mwezi huo huo, na sadaka zinaonyesha ushindi.

Curtius, mwanahistoria Mrumi, anasimulia kwa namna nyingine, kwamba askari walitaharuki karibu waasi, ikabidi waitwe Wamisri wanaojua nyota. Hao wakawaambia Jua ni la Wagiriki na Mwezi ni wa Waajemi, kwa hiyo Mwezi ukipatwa anayeangamia ni Mwajemi.

Andika tafsiri hizi mbili kando kando kwenye daftari. Onyo muhimu: usizichanganye ziwe moja. Aristander hakuzungumzia robo za Mwezi, na Mbabeli hakusema Jua ni la Wagiriki. Kilichonishangaza mimi nilipoziweka pamoja ni kwamba njia ni tofauti kabisa lakini zimefika mlango mmoja. Adui na mwenyeji wote wamesoma kwamba Darius anaanguka.

8. Sasa ndo weka siku ya vita

1 Oktoba, asubuhi, Gaugamela. Jua limeingia Mizani siku chache tu. Mwezi ni mwembamba unaoisha, uko Simba, umechomoza kabla ya alfajiri. Angalia tarehe: Mwezi ulipatwa tarehe 13 ya mwezi wao, vita tarehe 24. Aliyezoea kufunga siku nyeupe za 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu anajua Mwezi unapatwa katikati ya mwezi tu, kwa hiyo Aristander aliposema "mwezi huo huo" alikuwa ameweka mpaka wa wiki mbili, na siku ikaangukia ndani yake.

Kilichotokea andika kwa kifupi. Usiku wa kuamkia vita Darius aliwasimamisha watu wake na silaha usiku kucha akiogopa kuvamiwa. Alexander, kwa maelezo ya Plutarch, mwandishi Mgiriki, alikuwa mbele ya hema lake na Aristander wakifanya ibada za siri na kumtolea sadaka Phobos, Hofu yenyewe. Halafu akalala usingizi mzito hadi jemadari wake Parmenion akaja kumwamsha jua limeshatoka. Wamakedonia walikuwa kama 47,000, Waajemi wengi zaidi, wana magari ya farasi 200 yenye miundu na tembo 15. Ulipofunguka upenyo kwenye mstari wa Waajemi Alexander akaingia na wapanda farasi moja kwa moja kumwelekea Darius, na Darius akageuza gari akakimbia. Kibao cha Babeli kinasema askari walimwacha mfalme wakaenda kwenye miji yao.

Ukimaliza, tafsiri yako iandike kwa maneno yako, nusu ukurasa inatosha. Anza na Mshtarii anayezama.

Ukikwama

Mwezi na Jua haviangaliani kwa digrii 180. Rudi hatua ya pili na ya tatu. Mara nyingi sana ni mwaka.

Mwezi umefunikwa lakini Mshtarii bado yuko juu sana. Umeweka saa mapema au umesahau kubadili mahali, programu bado inakuonyesha anga la kwenu.

Plutarch anasema mwezi wa Boedromion na Arrian anasema Pyanepsion (miezi ya kalenda ya Athene), nimfuate nani? Plutarch, maana kwa kibao cha Babeli kupatwa na vita viko mwezi mmoja.

Natengenezaje chati ya kuzaliwa ya Alexander niiweke pembeni? Usiitengeneze. Mwaka ni 356, siku yenyewe inabishaniwa na saa hakuna anayeijua. Bila saa hakuna nyota inayochomoza, utakuwa unabuni.

Nimepata tafsiri inayompa Darius ushindi. Angalia kama umeusoma Mwezi kuwa wa Alexander. Hakuna kati ya hao wawili, Aristander au Wamisri, aliyesoma hivyo.

Nikimaliza hii nifanye ipi? Weka 27 Agosti 413 kabla ya Kristo, yaani -412, mji wa Syracuse, latitudo 37.1, longitudo 15.3, saa moja mbele ya Greenwich, songesha kuanzia saa mbili usiku mpaka Mwezi ufunikwe. Jeshi la Athene lilikuwa linajiandaa kuondoka usiku ule ule. Watabiri wakasema subirini siku tisa mara tatu, na jemadari Nicias akakubali, wakabaki, na hawakutoka tena. Kwa mujibu wa Plutarch, mtu mmoja aitwaye Philochorus alisema ishara ile ilikuwa nzuri kwa anayetoroka, kwa sababu anayetoroka anahitaji giza. Isome hiyo kwa hatua hizi hizi, halafu linganisha na daftari la Gaugamela uone Nicias alikosa nini ambacho Aristander alikuwa nacho.